Kope zinazolegea jioni si karuho

Mheshimiwa Mhariri,

Hivi karibuni, katika ukurasa wenu wa barua, msomaji mmoja alishauri kwamba mtu mwenye afya anayeanza ghafla kulegea miguu, kushindwa kuinua kope au kupotewa na sauti apelekwe kwa watoa sumu, yaani waganga wanaodai kuiondoa sumu mwilini, kabla ya kufikishwa hospitalini, kwa kuwa dalili hizo, kwa maoni yake, ni za karuho, ile sumu inayosemekana kutiwa na mtu mbaya katika chakula. Nimefundisha biolojia katika shule za sekondari za Bukavu kwa miaka 31. Barua hiyo niliisoma mara tatu, tena kwa majonzi kuliko hasira, maana ushauri wa namna hiyo ndio uliotupotezea miezi saba nyumbani kwetu na nusura utupotezee mtu. Naomba nafasi nieleze jinsi magonjwa hayo yanavyotokea, kwa sababu yana majina, yana chanzo kinachojulikana, na chanzo chenyewe kimo ndani ya damu ya mgonjwa.

Mdogo wangu wa kike anauza vitenge katika soko la Kadutu. Alikuwa na umri wa miaka 34 alipoanza kulalamika kwamba kope ya jicho la kushoto inamlemea. Asubuhi alipopanga bidhaa zake macho yote mawili yalikuwa wazi. Ikifika saa tisa alasiri kope ilikuwa imeshuka nusu, na jioni, njiani kurudi nyumbani, aliona pikipiki mbili mahali palipokuwa na moja. Baada ya wiki chache sauti nayo ilianza kumtoroka. Akipatana bei na wateja kwa muda mrefu maneno yalimtokea puani, kisha yakafifia kabisa, na akinyamaza kwa saa nzima yalirudi. Matonge ya kwanza ya bugali aliyameza vizuri, ya mwisho yakamkwama. Kuja na kuondoka huko ndiko kulikotushawishi kwamba amewekewa kitu, kwani ugonjwa wa kawaida, tulisema, haupandi na kushuka pamoja na jua. Tulimpeleka kwa watoa sumu wawili, mmoja baada ya mwingine, nao wakamnywesha dawa chungu za kumtapisha, yeye ambaye koo lake tayari lilikuwa halina nguvu ya kuzuia matapishi yasiingie katika njia ya hewa.

Katika mwezi wa saba akashikwa na homa. Kwenye kituo cha afya ambacho sitakitaja, kwa sababu muuguzi aliyekuwa zamu alimfanyia alichozoea kumfanyia kila mwenye malaria, alitundikiwa serumu yenye kwinini. Usiku huo huo shingo ilishindwa kubeba kichwa, mate yakawa yanamtiririka kwa kuwa hakuweza kuyameza, na pumzi zikawa fupi kama za mtu aliyepanda mlima mbio. Alihamishiwa hospitali nyingine, akawekewa oksijeni, kwinini ikasimamishwa, na Mungu akatujalia akapona usiku ule. Siku tatu baadaye, alipokuwa ametulia, daktari alimuuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza katika miezi yote saba: “Mama, ukiamka asubuhi unakuwaje?” Kisha akaagiza barafu kwa wauza vinywaji, akaifunga katika kitambaa na kuiweka juu ya kope iliyolegea kwa dakika mbili. Alipoiondoa, jicho lilikuwa wazi. Sote tuliokuwa chumbani tulinyamaza.

Ugonjwa huo unaitwa miasthenia gravisi, na si mgeni duniani. Daktari Mwingereza Thomas Willis aliandika mwaka 1672 juu ya mwanamke aliyeweza kusema vizuri, lakini akisema kwa haraka au kwa muda mrefu alibaki bubu kwa saa moja au mbili. Nilipokisoma kisa hicho nilimwona mdogo wangu sokoni. Kilichokosekana kwa miaka mingi baada ya Willis ni maelezo ya kwa nini, na maelezo hayo ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Neva haigusani na msuli. Kati yao pana mwanya mwembamba sana, na neva inapotaka msuli ujikunje humwaga katika mwanya huo kemikali iitwayo asetilikolini, ambayo hupokelewa upande wa pili na vipokezi vilivyopangwa juu ya ngozi ya msuli. Kingamwili, kwa upande wake, ni protini ambayo umbo lake linafanana na panda ya manati: ncha zake mbili hushika kitu kimoja tu kilicholengwa, kama vile kipande cha ganda la bakteria, na shina lake huita sehemu nyingine za kinga zije kukiharibu kilichoshikwa. Hiyo ndiyo silaha tunayoisifu tunapowapeleka watoto kwenye chanjo, na tuna haki ya kuisifu. Lakini katika miasthenia mwili umetengeneza kingamwili ambazo kilengwa chake ni kipokezi cha asetilikolini chenyewe. Baadhi huziba mlango, nyingine huvifunga vipokezi viwiliviwili mpaka msuli unavimeza na kuvivunja, na nyingine huwaita wale waharibifu wa kinga, zile protini za damu ziitwazo komplimenti, wanaotoboa ngozi ya msuli mahali pale pale. Neva ni nzima na msuli ni mzima, ila ujumbe haufiki. Na kwa kuwa asetilikolini inayotolewa na neva huzidi kupungua kila neva inapotumika mfululizo, mtu mwenye vipokezi vingi hatambui upungufu huo, ilhali mwenye vipokezi vichache huchoka, akapumzika, akapata nguvu, akachoka tena. Hapo ndipo penye siri ya ugonjwa unaofuata jua. Barafu nayo hufanya kazi kwa sababu baridi hupunguza kasi ya kimeng’enya kinachoivunja asetilikolini, hivyo kile kidogo kilichomwagwa hudumu kidogo zaidi.

Msomaji anaweza kuuliza: tunajuaje kwamba kingamwili ndizo zenye kosa, na si kwamba zimekutwa tu penye tukio? Ni swali zuri, na wanafunzi wangu wameniuliza zaidi ya mara moja. Mwaka 1973 watafiti wa Marekani, Jim Patrick na Jon Lindstrom, waliwadunga sungura vipokezi vilivyochujwa kutoka katika kiungo cha umeme cha mkunga wa umeme, wakitaka tu kupata kingamwili za kufanyia kazi maabara. Sungura wakalegea na kushindwa kupumua, kisha dawa ya miasthenia ikawainua. Miaka miwili baadaye wengine walichukua kingamwili za wagonjwa wakawadunga panya, na panya wakadhoofika. Ushahidi unaonigusa zaidi, hata hivyo, hauhitaji maabara. Kati ya watoto wanaozaliwa na akina mama wenye ugonjwa huu, takriban 10 hadi 20 kwa kila 100 huzaliwa wakiwa wamelegea, hawanyonyi vizuri wala hawalii kwa nguvu, kwa sababu kingamwili za mama zimevuka kondo la nyuma na kuingia katika damu yao. Baada ya wiki kadhaa kingamwili hizo za kuazima huisha, na mtoto anakuwa mzima kama wengine.

Sasa nirudi kwa mwenzetu aliyeandika juu ya sumu, kwa kuwa sitaki aone kwamba namdharau. Wazo la sumu halikuwa la kipuuzi. Mwaka 1934 daktari mwanamke, Mary Walker, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya St Alfege’s huko Greenwich, London, alitambua kwamba wagonjwa wa miasthenia wanafanana na watu waliodhuriwa na kurare, sumu ya mishale ya Amerika ya Kusini. Akasababu kwamba kinachoondoa sumu hiyo huenda kikawasaidia na wagonjwa hawa, akamdunga mmoja wao dawa iitwayo fizostigmini, na kope zikapanda. Alikuwa sahihi kwa namna ambayo hakuna aliyeweza kuiona wakati ule, maana kurare hukaa juu ya kipokezi kile kile ambacho kingamwili hukishambulia. Tofauti ni kwamba sumu hii haikutiwa na jirani katika chakula. Imetengenezwa na mwili wenyewe, nao unaendelea kuitengeneza kila siku, kiasi kwamba hata ukimtapisha mgonjwa mwaka mzima hutaitoa.

Na fizostigmini hiyo ilitoka wapi? Ilitoka Afrika. Imo katika haragwe la Calabar, katika Nigeria ya leo, ambalo zamani walinyweshwa watu waliotuhumiwa uchawi ili ijulikane kama wana hatia: aliyetapika akapona alihesabiwa msafi, aliyekufa alihesabiwa mchawi. Vidonge vya piridostigmini anavyomeza mdogo wangu sasa kila baada ya saa nne vinafanya kazi kwa njia ile ile kama dawa ya haragwe hilo. Kila nikimwona akimeza kidonge chake huwafikiria wote walionyweshwa haragwe lile kwa sababu ya mgonjwa mmoja aliyelegea bila mtu kujua kwa nini.

Kisa cha pili nakieleza kwa sababu kiliharibu maisha ya mtu asiye na kosa. Mvulana wa miaka 14 katika darasa langu aliharisha kwa siku nne, akapona, akarudi shuleni. Wiki mbili hivi baadaye vidole vya miguu vilianza kumwasha na kufa ganzi. Kesho yake hakuweza kupanda ngazi za shule, siku ya tatu hakuweza kusimama, na ya tano mikono ilikuwa imemlegea. Kwa kuwa alikuwa amekula matangani kwa mama mmoja mjane, mjane huyo alitajwa, mawe yakarushwa juu ya bati lake, naye akahama Bagira usiku. Mvulana alilala hospitalini kwa wiki nyingi, akaanza kutembea na fimbo baada ya miezi mitatu, na leo anacheza mpira. Mjane hakurudi.

Ugonjwa wa mvulana huyo unaitwa kwa majina ya Wafaransa wawili, Guillain na Barré, ambao pamoja na mwenzao Strohl waliueleza mwaka 1916 kwa kuwachunguza askari wawili wa vita vya kwanza vya dunia. Hutokea kwa mtu 1 au 2 kati ya kila 100,000 kwa mwaka, na karibu theluthi yao wametanguliwa na maambukizi ya bakteria ya kuharisha iitwayo kampilobakta, inayopatikana katika nyama ya kuku isiyoiva, maziwa mabichi na maji machafu. Bakteria hiyo imejivika juu ya ganda lake sukari zinazofanana mno na zile zilizo juu ya neva zetu, kwenye mafuta yaitwayo gangliosidi. Mwili unatengeneza kingamwili za kumpiga adui, nazo zinampiga. Lakini zikishamaliza kazi tumboni zinazunguka katika damu, zinakuta sukari ile ile kwenye neva, na hazina njia ya kutofautisha. Kuhara kumekwisha, mgonjwa anashukuru, na ndipo neva zinaposhambuliwa. Muda huo wa wiki moja hadi tatu kati ya tumbo na miguu ndio unaotufanya tusiunganishe mambo mawili. Iko pia aina nyingine ya ugonjwa huo, inayokula ganda la mielini linaloifunika neva, ambayo kingamwili yake mahususi wataalamu hawajaitambua, ingawa kusafisha damu kunawasaidia wagonjwa wake vilevile.

Nafungua mabano hapa, kwa sababu najua mazungumzo ya mitaani. Mtu atasema: basi chanjo ndizo zinazopoozesha. Mwaka 1976 Marekani ilitoa chanjo ya mafua ya nguruwe iliyofuatwa na kisa cha ziada takriban 1 cha ugonjwa huu kwa kila watu 100,000 waliochanjwa, na jambo hilo lilichunguzwa hadharani. Maambukizi ya kawaida ya tumbo na kifua huuleta ugonjwa huu mara nyingi zaidi kuliko chanjo yoyote. Anayemnyima mtoto chanjo ya polio kwa kumwogopea Guillain-Barré anamwacha wazi kwa kupooza kwingine ambako hakuna mwezi wa tatu wa kuanza kutembea.

Tena si kila kupooza ni kwa kingamwili. Kuna polio, kuna kifua kikuu cha uti wa mgongo, kuna konzo inayotokana na muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha. Kwa sababu hiyo, kila mtoto wa chini ya miaka 15 anayelegea ghafla anapaswa kutangazwa kwa idara ya afya, na kinyesi chake kichukuliwe mara mbili, kwa tofauti ya saa 24 au zaidi, ndani ya siku 14 tangu kulegea kuanze. Waliokuja kuchukua kinyesi cha mwanafunzi wangu walifukuzwa siku ya kwanza na wajomba zake waliodhani ni wachawi wengine. Walirudi siku ya pili, na nawapongeza kwa kurudi.

Kwa upande wa tiba, mambo mawili tu yamethibitika kufupisha Guillain-Barré: kuchuja plazma, yaani sehemu ya majimaji ya damu, ili kuziondoa kingamwili, na kumpa mgonjwa kwa mshipa kingamwili zilizokusanywa kutoka kwa maelfu ya wachangia damu, gramu 0.4 kwa kila kilo ya mwili kwa siku 5. Kwa mtu wa kilo 50 hizo ni gramu 100, na bei yake ni maelfu ya dola ambayo hakuna familia ya Kadutu inayoweza kuyalipa. Sindano za kotikosteroidi, ambazo kwetu hudungwa kwa karibu kila ugonjwa, hazisaidii katika Guillain-Barré, ingawa katika miasthenia dawa za jamii hiyo ni muhimu. Lakini Bangladesh, nchi isiyo tajiri, madaktari walijaribu kwa watu wazima 20, wakachapisha matokeo mwaka 2018, njia ya kutoa damu kidogo kidogo katika mifuko ya kawaida, kuitundika mpaka chembe zitulie chini, kumwaga plazma na kumrudishia mgonjwa chembe zake. Hakuna mashine ya bei kubwa. Waliiona kuwa salama na inayowezekana, na kwa kuwa Bukavu tuna mifuko ya damu na tuna madaktari wenye akili, nawaomba waisome kazi hiyo.

Hata pasipo dawa hizo, wagonjwa wengi huokolewa na uangalizi. Kinachoua ni kifua kulegea bila mtu kuona. Mwambie mgonjwa avute pumzi moja na kuhesabu kwa sauti. Akishindwa kufika 20 kwa pumzi hiyo, hali yake ni ya hatari, na saa hiyo si ya kutafuta mtoa sumu bali ya kutafuta gari la kumpeleka penye mashine ya kupumulia. Takriban robo ya wagonjwa huihitaji. Walio wengi, wakivuka wiki hizo, hurudi kutembea.

Damu ya mdogo wangu ilivushwa mpaka wa Ruzizi kwenda Kigali, na baada ya wiki kadhaa majibu yakaja: kingamwili dhidi ya kipokezi cha asetilikolini zilikuwamo, kama zilivyo kwa watu wapatao 85 kati ya kila wagonjwa 100 wa miasthenia. Amerudi sokoni. Hukaa kimya mchana wa saa sita ili sauti imfikishe jioni, na wateja wake wameshamzoea.

Katika mfuko wa kitenge chake hubeba karatasi ngumu niliyomwandikia kwa Kiswahili na Kifaransa, yenye jina la ugonjwa na majina ya dawa asizopaswa kupewa bila daktari anayejua hali yake: kwinini, klorokwini, jentamisini, siprofloksasini, azithromisini, eritromisini, sindano ya magnesi na dawa za kulegeza misuli zinazotumika katika chumba cha upasuaji. Nyuma yake nimeandika kwamba kwa malaria kali Shirika la Afya Duniani linapendekeza artesunate kwa watu wazima na watoto tangu mwaka 2011, ili muuguzi wa zamu ya usiku asione kwamba akiacha kwinini amebaki mikono mitupu. Mwezi uliopita alishikwa na homa tena, akaitoa karatasi hiyo mbele ya muuguzi kijana, ambaye aliisoma pande zote mbili, akaenda kumwamsha daktari.

Nakala yake nimeiambatanisha na barua hii. Nafasi ikiruhusu, naomba muichape kama ilivyo, ili anayeihitaji aikate na kuiweka mfukoni.

Wenu katika utumishi,

Mwalimu wa biolojia,
Komini ya Bagira, Bukavu